Fonti nene zilizobanwa: namna ya kuzitumia kwenye bango likasomeka

Jamani wenzangu wa mabango, Kiswahili chetu maneno yake ni marefu, andika WAUZAJI WA VIFAA VYA UMEME kwa fonti (mtindo wa herufi) ya kawaida kama Arial halafu uone, utapunguza saizi mpaka mtu aliye ng'ambo ya barabara hapo Kariakoo hasomi kitu. Ndo maana nazipenda sana fonti nene zilizobanwa, herufi ndefu nyembamba, neno zima linakaa mstari mmoja na bado lina nguvu.

Kwanza chukua fonti iliyozaliwa nyembamba. Usichukue Arial ukaibana kwa pembeni ili iingie, ukifanya hivyo mistari ya kusimama inakonda ila ya kulala inabaki na unene ule ule, E inakaa vibaya na jicho la mteja linaona hata kama hajui kusema tatizo ni nini. Za bure zipo kwenye tovuti ya Google Fonts na unaruhusiwa kufanyia kazi ya kulipwa: Anton ni nene kweli, Bebas Neue ina herufi kubwa tu, Oswald ina unene wa aina kadhaa, League Gothic imetoka kwenye Alternate Gothic aliyoichora Morris Fuller Benton kule Marekani mwaka 1903. Impact ya 1965 nayo nzuri ila imetumika mno kwenye picha za vichekesho mtandaoni, mimi kwenye bango la duka siiweki.

Saizi sasa. Mtu akisoma akiwa mita 30, herufi iwe na urefu kama sentimita 25, na kwa hizi za kubana ongeza kidogo.

Nafasi kati ya herufi ndo wengi wanapokosea. Andika MILIONI kwa Anton halafu uibane, inakuwa kama uzio wa fito, I na L na N zinashikana hujui ipi ni ipi. Kipeperushi cha kushika mkononi bana tu, lakini bango la mbali achia nafasi kidogo. Mistari ikiwa ya herufi kubwa tupu unaweza kuisogeza karibu karibu maana hakuna mikia ya g wala y inayoning'inia. NG'OMBE nayo iangalie, ile alama baada ya G isimezwe.

Namba ya simu usiiweke kwenye fonti nene sana, 3, 6 na 8 kwa mbali zinafanana, mteja anapiga kwa mtu mwingine, tumia Oswald ya kawaida.

Kabla ya kupeleka kuprinti geuza maandishi yawe michoro kwenye programu yako ya kuchorea, CorelDRAW ni Ctrl+Q, Illustrator ni Ctrl+Shift+O, na baki na kopi ambayo hujaigeuza ili uweze kurekebisha. Mimi niliwahi kusahau, kompyuta ya pale nilipopeleka haikuwa na fonti yangu ikaweka nyingine pana, fleksi (bango la plastiki) ya mita 3 ikatoka neno la mwisho limekatika na mteja anafungua duka kesho yake, niliumia sana.

Kupima ni rahisi, bango la mita 3 liprinti kwenye A4 ya kulala, hapo limepungua kama mara kumi, kwa hiyo litundike ukutani urudi nyuma mita 3, ni kama umesimama mita 30, umpe mtu ambaye hajaliona asome kwa sauti, akikwama kwenye neno rudi uongeze nafasi hapo hapo.