Usivae dera siku ya kupimwa matiti

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Ukizungusha futi kifuani mwa mwanamke, anakwambia hata ambayo hajamwambia mumewe. Mwaka jana mteja wangu mmoja aliniomba blauzi niilegeze upande wa kushoto. Titini palikuwa na bonge. Nikaligusa: gumu, kama kokwa la ukwaju. "Haliumi," akasema, kana kwamba hapo ndipo pa kutulia. Dada zangu, uvimbe wa saratani mara nyingi huanza bila maumivu. Lake halikuwa saratani, na uvimbe mwingi wa matiti huwa si saratani, ila alikuwa amekaa nalo miezi saba akilikanda mafuta ya habasoda.

Nilimsindikiza hospitali mwenyewe. Alivaa dera, na dera likivuliwa limevuliwa lote, akabaki anatetemeka. Basi vaa blauzi ya vifungo mbele na sketi. Kama unakwenda kupigwa picha ya matiti, usipake poda wala dawa ya kwapa, hutokea kwenye picha kama vidoa.

Nenda siku chache baada ya hedhi kwisha, matiti yakiwa laini. Lakini ukiona damu kwenye chuchu, chuchu imezama ghafla, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, usingoje tarehe.

Dirishani sema wazi: "Nimekuja kupimwa matiti, naomba muuguzi wa kike." Mteja wangu alinong'ona, akapelekwa kwa wanaonyonyesha! Tulikaa pale saa nzima.

Ndani utaambiwa uinue mikono, kisha ulale, upapaswe mpaka kwapani. Wakikuta kitu watakutuma altrasaundi au mamogramu, ndiyo ile picha ya matiti, na pengine wachukue kinyama kwa sindano. Hapo ndipo wengi hukimbia. Mtaani wanasema sindano inauamsha uvimbe. Si kweli, na bila hicho kinyama daktari hajui anatibu nini. Wengine wanaogopa kukatwa titi. Uvimbe uliowahiwa mara nyingi huondolewa wenyewe, titi likabaki. Hili la kukatwa ndilo ninalolirudia kila siku, maana hata wasomi wananijia nalo.

Usitoke kabla hujauliza majibu ni lini na utamwona nani.

Na beba khanga. Ukiambiwa vua juu, funika upande usiopimwa. Hakuna atakayekukataza.