SOMO: Kuishi kwa kripto bila akaunti ya benki, hatua kwa hatua

Wakuu, naandika mara moja hapa ili niache kujibu swali lile lile kila siku, "nalipwa kwa kripto, sina akaunti benki, nitaishije?" Inawezekana kabisa. Kupokea ni rahisi mno, kazi iko kwenye kuitoa iwe hela ya kodi na ya kula. Someni mpaka mwisho ndio muulize.

Hatua ya 1: Pakua pochi (app ya kutunzia kripto) ambayo funguo unashika mwenyewe, kutoka tovuti rasmi tu.

Hatua ya 2: Yale maneno 12 au 24 ambayo pochi inakupa ukiifungua, ndiyo ya kuirejesha simu ikipotea, andika kwa kalamu kwenye karatasi. Usipige picha.

Hatua ya 3: Hela ya matumizi ya mwezi huu ipokee kwa USDT au USDC, sarafu zilizofungwa kwenye thamani ya dola, maana Bitcoin ikishuka leo mwenye nyumba hatakusubiri ipande. Ila nazo usizirundike. UST ya Terra, nayo ya aina hiyo hiyo, ilikufa Mei 2022, na USDC yenyewe Machi 2023 iligusa kama senti 87 Silicon Valley Bank iliyokuwa na sehemu ya akiba yake ilipoanguka, ikachukua siku kadhaa kurudi kwenye dola.

Hatua ya 4: MTANDAO ambao kripto inapita. Hapa tulieni, hapa palishanigharimu. USDT iko Tron, iko Ethereum, iko BNB Chain na kwingine, jina moja lakini njia tofauti, na anayekulipa akichagua njia ambayo upande wa pili haupokei hela inakwama. Adresi ya Tron inaanza na T kwa hiyo ni ngumu kuchanganya, balaa ni zile zinazoanza na 0x, Ethereum na BNB Chain zinafanana herufi kwa herufi na pochi haikuonyi chochote. La pili ni gesi, yaani makato ya kutuma kwenye mtandao. Unaweza kuwa na USDT ya kutosha kwenye Tron halafu ushindwe kuisogeza kwa sababu huna TRX, sarafu ya Tron yenyewe, ya makato, na pa kuinunua bila benki usiku huo hupati, kwa hiyo akiba ya TRX haiguswi hata iweje. La tatu, USIKOPI adresi kutoka kwenye historia ya miamala. Wezi wanatengeneza adresi inayofanana mwanzo na mwisho na ile unayoitumia sana, wanakurushia kiasi kidogo au muamala wa sifuri ili ikae kwenye historia yako, wewe ukija kukopi haraka haraka unawatumia wao. Angalieni na herufi za katikati, na mtume kidogo kwanza, ikifika ndio mtume iliyobaki.

Hatua ya 5: Kutoa. Uza mtu kwa mtu kwenye soko lenye eskro (soko linashikilia kripto yako mpaka uthibitishe umelipwa), upokee kwa pesa za simu. Jina la aliyelipa lifanane na jina la mnunuzi, likiwa la mtu mwingine kataa, inaweza kuwa hela ya wizi na ukafungiwa laini wewe. Vocha za muda wa maongezi mara nyingi unanunua kwa kripto moja kwa moja bila kutoa kwanza.

MASWALI

Mdau: Mkuu naweka pochi gani sasa, na yale maneno naweza kuscreenshot?
Jibu: Hatua ya 1 na ya 2. Soma.

Mdau: Jamaa kanitumia skrinshoti kalipa, ananiharakisha niachie kwenye eskro, anasema atanireport.
Jibu: Usiachie. Fungua salio lako mwenyewe, kama haijaingia hajalipa. Akikusumbua fungua malalamiko ndani ya soko lenyewe, usimfuate nje.

Mdau: Nimetumiwa USDT ya BNB Chain kwenye adresi yangu ya 0x, mimi naangalia Ethereum sioni kitu. Zimepotea?
Jibu: Hapana ndugu, pumua. Kama pochi ni yako funguo ni zile zile, washa BNB Chain humo ndani utaziona, ila utahitaji BNB kidogo ya gesi kuzitoa. Ingekuwa adresi ya soko ndio ungebaki kuwaomba wao.

Mdau: NikuDM maneno yangu unisaidie kuangalia?
Jibu: HAPANA. Wala usimpe yeyote atakayekuja DM akijiita msaada.

Mdau: Kwani nikiacha zote kwenye soko tabu iko wapi? Napunguza makato.
Jibu: Waliokuwa na hela FTX, soko lililofilisika Novemba 2022, nao walikuwa wanapunguza makato. Weka ya kuuza leo tu.

Mdau: Hivi USDT inaweza kufungiwa kama akaunti ya benki?
Jibu: Swali zuri sana. Ndiyo, Tether wenye USDT wana uwezo wa kufungia adresi na wameshafanya hivyo mara nyingi, Circle wenye USDC pia. Bitcoin haina mtu wa kubonyeza hicho kitufe. Ndio maana mimi ya mwezi naweka USDT na akiba ya mbali naweka Bitcoin, kila moja ina hatari yake.

Mdau: Naongezea, jaribuni kurejesha pochi kwenye simu nyingine kabla hamjaweka hela nyingi. Mimi neno moja nilikuwa nimeliandika vibaya.
Jibu: Asante mkuu, hii nilitakiwa kuiweka hatua ya 2. Na andikeni namba kabisa pembeni ya kila neno, mpangilio ukivurugika hayafungui.