Kabla hujaipa alama kampuni ya mikopo ya simu

Chama cha watumiaji, chumba cha habari au kikundi cha wanafunzi wa sheria kinapoamua kuzipima kampuni za mikopo ya simu, zinavyotumia taarifa za watu na kama zinaaminika, aghalabu watu hukimbilia kuchora jedwali kabla ya kuulizana alama hizo zinamhusu nani. Anzeni na orodha ya wanaoguswa. Mkopaji yumo, hilo halina ubishi. Yumo pia shangazi yake, bosi wake, na fundi aliyewahi kumtengenezea friji, kwa sababu tu namba zao zilikuwa kwenye simu siku aliyobonyeza "Ruhusu". Hawa hawakukopa hata shilingi, vigezo na masharti hawajawahi kuviona, na ndio wanaopokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Dodoso linalowauliza wateja kuhusu riba na kasi ya huduma halitawagusa kabisa. Mimi ningeyapa madhara yao uzito kuliko ya wakopaji wenyewe. Mkopaji angalau pesa alizipata.

Kisha jueni mnampima nani hasa. Jina lililo kwenye simu si lazima liwe jina la kampuni, na kampuni moja inaweza kuwa na programu kadhaa. Mulla Pride ya Kenya, kwa mfano, iliendesha KeCredit na Faircash. Kwa hiyo tafuteni kwanza jina lililo kwenye leseni. Kenya ina kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kwa watoa mikopo ya kidijitali, na Benki Kuu hiyo hutoa orodha ya waliopewa leseni. Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Programu isiyo na leseni msiiweke kwenye jedwali hata kwa alama sifuri. Ikishapangwa pamoja na zenye leseni, msomaji atadhani nayo ni chaguo, tena la bei nafuu.

Sasa amueni mtapima maandishi au matendo, na mseme wazi. Ranking Digital Rights, mradi wa Marekani uliotoa faharasa yake ya kwanza (orodha ya kampuni kwa alama) mwaka 2015, ulizipima kampuni 16 za intaneti na simu, MTN na Vodafone zikiwamo, kwa kuangalia zimetangaza nini hadharani kuhusu faragha na uhuru wa kujieleza. Iliyoongoza, Google, ilipata asilimia 65 tu. Njia hiyo ina faida kubwa: yeyote anaweza kufungua ukurasa uleule na kuhakiki. Lakini kwa mikopo ya simu haitoshi. Sera ya faragha inaweza kuandikwa kwa siku moja na wakili mzuri, huku mkusanya madeni akiendelea kupiga simu saa nne usiku. Ningetenganisha alama mbili, ya ahadi na ya vitendo, na nisingekubali zijumlishwe. Wastani wake humfunika mkosaji.

Matendo yanahitaji majaribio. Tafuteni simu ya akiba yenye laini yake, majina ya watu waliokubali kutumika, na daftari. Andikeni kila ruhusa inayoombwa: majina, picha, mahali, ujumbe. Tangu tarehe 31 Mei 2023, Google Play hairuhusu programu za mikopo binafsi kusoma orodha ya majina wala picha za mtumiaji, kwa hiyo inayoomba hayo hapo dukani imeshavunja sharti. Ila programu inayopakuliwa kwa kiungo kilichotumwa kwenye ujumbe haipiti mlango huo, na hizo ndizo za kuchunguza kwa makini zaidi. Baada ya hapo iandikieni kampuni kuomba taarifa zote ilizonazo juu yenu. Kanuni za Kenya za ulinzi wa data za mwaka 2021 zinaipa siku 7. Kimya nacho ni jibu la kuingizwa kwenye alama.

Maamuzi ya wasimamizi yatumieni kwa uangalifu. Mulla Pride ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 mnamo Septemba 2023 na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine na kuwatumia walalamikaji ujumbe na simu za vitisho. Huo ni ushahidi mzito, una tarehe na una mamlaka nyuma yake. Kampuni isiyo na faini, hata hivyo, haijathibitika kuwa safi. Huenda wateja wake hawajui pa kulalamika, au wanaona aibu kujulikana kwamba wanadaiwa.

Kuhusu imani, msiulize "Je, unaiamini kampuni hii?" Mtu mwenye ada ya mtoto ya kulipa kesho atakopa hata kwa asiyemwamini, kisha atasema anaamini. Ulizeni aliyofanya: je, aliifuta programu baada ya kulipa? Alibadilisha laini? Angeweka namba ya mama yake kuwa mdhamini?

Linalosahaulika zaidi ni kwamba mkishaanza kupokea picha za ujumbe wa vitisho, ninyi wenyewe mnakuwa wakusanyaji wa taarifa binafsi. Sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiwasamehe wenye nia njema, na ya Kenya ya mwaka 2019 ni vivyo hivyo. Fichani majina na namba kabla picha haijaingia kwenye kundi lenu la WhatsApp, na mpangeni mapema ni lini mtazifuta. Semeni pia nani analipia kazi hii. Kama mfadhili ni benki inayotoa mikopo ya simu, hilo likae ukurasa wa kwanza.

Mwisho, tumeni rasimu kwa kila kampuni, pamoja na picha za kurasa mlizohifadhi zikiwa na tarehe, na mwape siku za kujibu zinazolingana kwa wote. Wakirekebisha kasoro katikati ya muda huo, andikeni yote mawili: mlichokikuta, na tarehe kilipobadilika.