Kabla Hujaandika Malengo ya Idara

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini malengo yake huandikwa miezi mingi kabla. Mara nyingi huandikwa kwa haraka, ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha ambacho idara inaweza kupanga, ukiwa umeshatolewa na ofisi ya mipango inadai rasimu. Hapo ndipo mpango wa mwaka jana unapofunguliwa kwenye kompyuta, tarehe zikabadilishwa, ukapelekwa hivyo hivyo. Kwa wenzangu wa halmashauri za Dodoma, iwe Bahi, Kongwa au Chemba, haya ni ya kuweka sawa kabla siku hiyo haijafika.

La kwanza ni takwimu za msingi, na bila hizo mengine yote ni kubahatisha. Idara ya kilimo ikiandika "kuimarisha uzalishaji wa alizeti", tatizo si kitenzi peke yake. Aliyeandika hakuwa na namba ya kuanzia. Tuseme angejua kwamba katika kata fulani wakulima waliotumia mbegu bora msimu uliopita ni 300. Asingehangaika: wakulima wanaotumia mbegu bora waongezeke kutoka 300 hadi 450 ifikapo Juni 30. Namba ya namna hiyo haikai makao makuu ya halmashauri. Iko kwenye daftari la ofisa ugani, na pengine daftari lenyewe halijajazwa. Basi kulijaza kuwe kazi ya kwanza ya idara, kabla ya kuahidi ongezeko lolote.

Kisha weka kalenda ya mvua kando ya kalenda ya fedha. Hili huku kwetu linasahaulika sana, na linaumiza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Ununuzi wa mbegu ukipangwa robo ya tatu, yaani Januari hadi Machi, zitafika mkulima ameshapanda alizokuwa nazo. Uwekwe robo ya kwanza, maana taratibu za zabuni nazo zina muda wake. Mavuno pia yana hesabu yake: ukiahidi tani ifikapo Juni 30, utaandika ripoti huku alizeti nyingine ikiwa bado haijapurwa. Afadhali mwaka huo upime idadi ya wakulima na ekari zilizopandwa, tani uzihesabu katika mwaka unaofuata. Elimu nao wana kalenda yao: darasa linahitajika Januari shule zikifunguliwa, kwa hiyo fedha ya robo ya tatu imeshachelewa.

Tenganisha pia lengo, shabaha na shughuli. "Kutoa mafunzo kwa maofisa ugani 20" ni shughuli. Jiulize: ili iweje? Ukijibu, uliza tena, mpaka jibu limfikie mwananchi wa kijijini. Jibu hilo ndilo lengo. Kiwango na tarehe utakavyoviweka ndivyo shabaha. Mafunzo yarudi chini yake. Idara yenye malengo kumi na mawili kwa kawaida ina malengo mawili na shughuli kumi.

Fedha ziangalie mapema. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imeshatengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hivyo usiipangie kazi nyingine.

Halafu kuna suala la nani analibeba lengo. Mmarekani George Doran alipopendekeza mwaka 1981 vigezo vitano vya lengo zuri, ambavyo bado vinafundishwa kwenye semina, kimojawapo kilikuwa kwamba ijulikane nani atalitekeleza. Wengi siku hizi hukibadilisha kigezo hicho kuwa "linafikika", na mhusika akapotea. Naona hiyo ni hasara kubwa. "Idara" haiwezi kuulizwa kikaoni kwa nini kazi haikufanyika. Ofisa mwenye cheo kilichoandikwa anaweza.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, waite watakaobeba kazi, hata wa kata za mbali, muwasomee shabaha zao moja moja. Mmoja wao akisema hana usafiri wa kufikia vijiji vyote, ama bajeti ya mafuta iongezwe au namba ipunguzwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa mwaka ukianza atapimwa nayo kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma.