Somo: Ukipewa hela isiyo na hesabu, chagua yufoniamu kwa noti zako mbovu

Juzi baada ya mazoezi kijana wetu wa tarumbeta la pili aliniuliza: "Mwalimu, ungeambiwa chukua yufoniamu yoyote duniani, bei si kitu, ungechukua ipi?" (Yufoniamu, kwa mgeni, ni chombo kikubwa cha shaba cha kupuliza, chenye pistoni za kubonyeza na sauti nene.) Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Swali hilo nililiota miaka mingi nikipuliza chombo chenye kiraka cha kulehemu kwenye kona ya bomba, pistoni ya tatu ikirudi juu kwa kubembelezwa. Halafu mwaka mmoja usharika wetu ulitembelea wenzetu Ujerumani, nikaingizwa chumba chenye yufoniamu sita zimesimama sakafuni, nikaambiwa nijaribu zote. Sikuwa na hela ya kununua hata moja, kwa hiyo nilizijaribu bila tamaa, na ndiyo maana niliona vizuri.

Hatua ya 1: Jua unaota chombo gani

Sisi tuliorithi matarumbeta kwa wamisionari wa Kijerumani tuna mkanganyiko wetu. Kule kuna tenorhorn, kuna bariton yenye umbo la yai, na kuna yufoniamu. Waingereza nao wana baritoni yao, nyembamba. Zote zimepangwa kwa noti ya Bb (B iliyoshushwa nusu toni), na bomba la kila moja ukilinyoosha linakaribia mita 2.75, sawa na trombone. Tofauti ni namna bomba linavyopanuka. La trombone linabaki na upana uleule sehemu kubwa ya safari. La yufoniamu linaanza kupanuka mapema na haliachi hadi kwenye mdomo mpana wa chombo, sauti inapotokea. Ndiyo maana sauti yake ni nene, haina makali. Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki, maana yake sauti tamu.

Kama unachokipenda ni ule mlio mkali wa trombone, ishia hapa. Hela yako ipeleke kwingine.

Hatua ya 2: Pistoni nne zenye mfumo wa fidia

Hapa sitaki mjadala, ila nieleze sababu, maana wengi wananunua kwa kuhesabu pistoni tu.

Kila pistoni ukiibonyeza inaongeza kipande cha bomba. Ya pili inashusha nusu toni, ya kwanza toni nzima, ya tatu toni na nusu, ya nne toni mbili na nusu. Vipande hivyo vilikatwa kwa kipimo cha bomba tupu, yaani bila pistoni yoyote kubonyezwa. Ukishabonyeza ya nne, bomba limekuwa refu kwa theluthi moja, lakini vipande vya zile nyingine vimebaki na urefu wao wa zamani. Ni kama kushonea mikono ya shati la mtoto kwenye shati la baba yake: haifiki. Matokeo yake noti za chini zinapanda juu ya sauti yake, na ile B ya chini kabisa, kabla ya Bb ya msingi (noti ya chini kabisa ya bomba tupu), huipati.

Mwaka 1874 David Blaikley, aliyekuwa kiwandani kwa Boosey kule London, alisajili dawa yake. Ukibonyeza ya nne, pumzi inarudishwa kupita tena ndani ya pistoni zile tatu, safari hii kupitia vibomba vidogo vya nyongeza vinavyofidia urefu uliopungua. Geuza chombo utazame mgongoni: ukiona vibomba vifupi vimejikunja nyuma ya pistoni, hiyo ni ya fidia. Pistoni tatu zitakuwa juu kwa mkono wa kulia, ya nne ubavuni kwa mkono wa kushoto.

Ubaya wake? Uzito, na noti za chini zinaweza kuhisi kama unapuliza ndani ya mto, maana pumzi inapita kona nyingi. Chombo kizuri hupunguza hisia hiyo. Hakiiondoi.

Hatua ya 3: Anza na noti mbovu

Kosa langu siku ile: chombo cha kwanza nilichoshika nilikipigia tenzi ninayoipenda, polepole, kwenye sauti ya katikati. Kililia vizuri mno. Bila shaka kililia, yufoniamu yoyote ya daraja la juu inalia vizuri pale katikati! Mwenyeji wetu, mzee mpiga tuba, aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole: "Sasa nipigie F ya juu."

Hapo ndipo yufoniamu zinapoumbuka. Eb, E na F za juu ya C ya katikati (sauti halisi, jinsi piano inavyosoma) huelekea kupanda. Ni tabia ya chombo, si dhambi ya mpigaji. Alishika tyuna (kile kifaa chenye sindano kinachoonyesha kama noti imepanda au imeshuka) yeye, akanikataza kuiangalia, akaniambia nifumbe macho. Sababu ni kwamba ukiitazama sindano, midomo yako inarekebisha yenyewe bila wewe kujua, na unarudi nyumbani ukidhani chombo ndicho kizuri. Kile cha kwanza, kilichonitoa machozi kwa tenzi, sindano yake iliruka kulia, upande wa kupanda, ikabaki huko. Cha nne, ambacho nilikuwa nimekidharau kwa rangi, ilitikisika kidogo tu ikatulia.

Basi fanya hivi: F, E na Eb za juu, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Kisha D iliyo chini yake, ambayo kwa vyombo vingi hulala, yaani hushuka kidogo chini ya sauti yake. Kisha shuka na pistoni ya nne nusu toni kwa nusu toni hadi Bb ya msingi. Mwisho puliza kwa nguvu noti moja ya katikati usikie kama sauti inapasuka. Tenzi yako ipige ukishamaliza yote hayo.

Hatua ya 4: Majina ya watengenezaji utakayokutana nayo

Besson ilizaliwa Paris, ikakulia London, na siku hizi inatengenezwa Ujerumani. Modeli zake za Sovereign na Prestige ndizo sauti ambayo bendi za shaba za Uingereza zimezoea, nzito na yenye giza. Yamaha wana Neo na juu yake Custom 842. Ukitaka chombo kisichokushtua, ambacho noti zake zimekaa mahali pake, ni hao Wajapani. Willson 2900 ya Uswisi imependwa sana na wapigaji wa bendi za kijeshi Marekani. Miraphone wa Waldkraiburg wana Ambassador 5050.

Na kama kweli hela si tatizo, kuna Adams wa Uholanzi. Hao unaagiza kama suti kwa fundi: unachagua aina ya shaba na hata unene wa bati la mdomo. Bati jembamba huitikia haraka, nene huvumilia nguvu. Kwangu hapo ndipo ndoto inapoanza kuwa hatari, maana mtu asiyejua mapungufu yake ataagiza chombo cha kumsifia mapungufu hayohayo.

Hatua ya 5: Mausipisi

Mausipisi ni kile kipande unachowekea midomo kupuliza, na shina lake ndilo linaloingia kwenye chombo. Wengine husahau kabisa. Yufoniamu za daraja hili hupokea mausipisi ya shina nene. Mimi nilikwenda Ujerumani na yangu ya shina jembamba. Ikazama ndani ikacheza kama jino bovu. Nyumbani tungeizungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba, na tumefanya hivyo sana, lakini usimfanyie hivyo chombo cha bei ya bajaji kadhaa. Denis Wick 4AL au SM4, au Schilke 51D, ni pa kuanzia. Jaribu vyombo vyote kwa mausipisi moja, usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimeona zenye kifyatuo cha kidole gumba kinachosogeza slaidi kubwa (kile kipande cha bomba kinachovutwa kurekebisha sauti). Ni cha lazima?*
Marahaba. Si cha lazima, lakini mimi ningekitaka. Kazi yake ni zile Eb, E na F za juu: unasukuma, bomba linarefuka kidogo, noti inashuka mahali pake, midomo inapumzika. Kinaongeza uzito na kinataka mafuta. Chombo ambacho F yake imetulia tayari hakikihitaji sana.

*Mimi niko Tanga karibu na bahari. Nichukue iliyopakwa madini ya fedha au vanishi?*
Fedha. Itakuwa nyeusi kwa hewa ya chumvi, utaifuta, itang'aa. Vanishi jasho likishaitoboa pale mkono wa kushoto unaposhika, shaba inabaki uchi na hakuna cha kufuta. Wanaosema fedha ina sauti tofauti, waache. Siku ile nikiwa nimefumba macho sikuitambua.

*Kaka, bendi yetu ya Jeshi la Wokovu hapa Kenya ina yufoniamu ya zamani iliyotengenezwa kiwanda cha Jeshi lenyewe, St Albans, Uingereza. Tukipata mfadhili tuitupe?*
Msithubutu. Kiwanda kile kiliuzwa kwa Boosey & Hawkes mwaka 1972, kwa hiyo mnashika kitu cha historia. Mpelekeeni fundi akague kama pistoni zinavujisha: vuta slaidi ya pistoni moja bila kuibonyeza, kisha ibonyeze. Ikilia "pop", bado ina uhai.

*Mwanangu ana miaka kumi na mmoja, mjomba wake wa Dubai anataka kumnunulia ya juu kabisa. Nikubali?*
Dada, chombo cha fidia kina zaidi ya kilo nne, na pistoni ya nne iko mbali kwa mkono mdogo. Mwambie mjomba anunue ya pistoni tatu iliyo nyepesi sasa. Ahadi ya kununua ile ya juu baadaye aiandike kwenye karatasi, tutaitunza.

*Hujajibu swali la kijana. Wewe ungechukua ipi?*
Ile ya nne. Jina lake sikuliandika, na ukiangalia rangi yake, hata wewe usingeiomba.