Bia za harusini: aina tatu zinatosha

Ukikabidhiwa kuchagua bia za harusi, usinunue unazozipenda wewe. Wageni wengi hunywa lager nyepesi, ile bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu, yenye kilevi cha asilimia 4 hadi 5, kwa hiyo hiyo ndiyo ijaze kreti nyingi. Ongeza stauti (bia nyeusi) kidogo, na bia isiyo na kilevi kwa madereva. Zile kali za asilimia 7 na kuendelea ziache kabisa. Sherehe ni ndefu na watu hawapunguzi kasi ya kunywa.

Kuliko chapa, hangaikia ubaridi. Friji huchukua saa kadhaa, lakini beseni la barafu iliyotiwa maji hupoza chupa ndani ya nusu saa hivi. Maji usiyasahau, maana barafu peke yake haiizunguki chupa yote. Na kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji apokee kreti zitakazobaki bila kufunguliwa.