TVA si faida ya butiki
Wewe uliyeandikishwa TVA (kodi anayolipa mteja juu ya bei ya mali) kwenye DGI, ofisi ya kodi, hapa Lubumbashi, tafadhali sana: ile 16% si pesa yako. Ukiuza mali ya dola 100 bila TVA, mteja analipa 116. Hizo 16 ziweke pembeni siku ileile, mbali na makuta ya butiki, maana mwisho wa kutangaza na kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Na fakture za depo unakonunua, uzitunze! TVA uliyolipa pale inatolewa kwenye ile unayodaiwa, lakini fakture isiyokamilika inaweza kukataliwa. Angalia numero ya impo (namba ya mlipakodi) kwenye fakture ukiwa bado kaunta. Zile zinazotoka kwenye kimashine, maandishi yake hufifia. Zipige fotokopi mapema.